Majina ya Jeshi Jekundu

Mwaka ule kampuni yetu ilizalisha kitu kimoja tu bila kupungukiwa: muda. Shaba ilipungua, kobalti ikapungua, mshahara ukawa unakuja siku unayotaka wenyewe. Lakini muda, eeh, tulikuwa nao magunia kwa magunia. Asubuhi king'ora kinalia, tunakwenda kazini kwa adabu zote, mashati yamepigwa pasi, tunakaa, tunatazamana. Kule kwenye mgodi wa Mashamba malori makubwa yalikuwa yamelala ndani ya mashimo yakingoja mafuta. Sisi wa biro, yaani ofisi, ya kompyuta tulikuwa na kompyuta tatu. Mbili zilikuwa zimekufa, ila kila jioni tulizifunika nailoni zote tatu, maana maiti nayo inataka heshima.

Mi naitwa Mukalay. Kwa miaka kumi na moja niliangalia programu ya mishahara, na sasa nilikuwa naangalia programu ya mishahara bila mishahara. Mtu atafanya nini? Wengine walikunywa. Wengine walianza kuuza makala, mkaa wa kupikia, mlangoni. Mi nikaamua kutengeneza vita.

Msicheke. Vita ndani ya kompyuta. Injinia mmoja muzungu, wakati wazungu walipokimbia baada ya ule uporaji wa askari wasiolipwa, aliacha gazeti la kompyuta kwenye droo, na ndani yake mliandikwa namna ya kutengeneza mchezo wa vita: ramani ya vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, vikosi vyenye nguvu na mwendo, na kila mmoja anasogeza vikosi vyake kwa zamu. Nikajiambia, kama mtu mzima wa Ulaya anaweza kupoteza Jumapili zake kwa upuuzi huu, mi ninashindwaje, mimi ambaye Jumapili yangu inaanza Jumatatu?

Mwenzangu kwenye hiyo kazi alikuwa Stany Banza, aliyekaa meza ya mbele yangu. Niseme ukweli: mi nilikuwa na domo, yeye alikuwa na akili. Mi nilichora ramani. Yeye aliandika sehemu inayoifanya mashine ifikiri kama adui, na ile ya kupanga orodha na kuipiga kwenye karatasi. Tulifanya saa za chakula, kwa kuwa chakula hakikuwepo, na Jumamosi alasiri. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi ya siku nzima inapotea, na hapo Stany alikuwa anasema kwa sauti ya padri, "Tuombee ba marehemu," tunaanza upya.

Ramani ilikuwa mji wetu wenyewe, Kolwezi. Nilikuwa na kiburi nayo kupita kiasi. Niliweka mitaa yote, soko, hospitali, na reli kwenda Mutshatsha na Kasaji. Kikosi kikikaa mbali na reli zamu mbili, kinakosa chakula, nguvu zinashuka. Stany, ambaye mama yake alitoka Kasaji, aliingia kwa siri akaipa Kasaji mahindi mara tatu ya ukweli.

"Ile ni wizi," nikamwambia.

"Haina wizi. Kwetu Kasaji njaa haijuake fasi ya kuingilia."

Tulicheka. Tulikuwa tunacheka sana siku zile, mi nakumbuka vizuri.

Halafu tukahitaji majina. Vikosi bila majina havina ladha, huwezi kumlilia askari anayeitwa Kumi na Saba. Nikapata wazo, na kama ungekuwepo ungeniona nimevimba kifua. Mi si ndiye mlinzi wa faili la wafanyakazi wote? Kuna jina, kuna mtaa, kuna namba ya nyumba. Nikatunga programu ichukue majina ya kweli, na kila kikosi kianzie kwenye nyumba yake ya kweli. Ukifungua mchezo, jirani yako amesimama pale anapokaa. Nani Ulaya alikuwa na mchezo kama huo? Hakuna.

Ila majeshi ni mawili, na mi nilikuwa na orodha moja ya watu. Niwagawe vipi? Ndani ya faili mlikuwa na kisanduku kimoja ambacho kampuni ilikijaza tangu wakati wa Wabelgiji: asili ya baba. Siyo yako wewe. Hata uwe umezaliwa hospitali ya kampuni, umesoma shule ya kampuni, umeoa binti wa mtaa wa kampuni, kisanduku kinauliza baba yako alitoka kijiji gani, jimbo gani. Na redio siku zile ilikuwa inazungumza nini mwaka mzima? Wakubwa walikuwa wameshagundua ugonjwa wa nchi. Siyo mafuta, siyo pampu, siyo wao wenyewe, Mungu apishe mbali. Ugonjwa ni jirani yako ambaye baba yake alitoka jimbo la Kasai. Mi nikaona jambo lenyewe liko tayari. Baba wa Katanga, jimbo letu hapa: Jeshi la Buluu. Baba wa Kasai: Jeshi Jekundu. Nikaita hiyo uhalisia.

Ningeweza kugawa kwa namba za kazi. Zinazogawanyika kwa mbili huku, zisizogawanyika kule. Mstari mmoja wa programu, dakika moja. Mpaka leo naujua ule mstari kwa kichwa.

Tulipoendesha mara ya kwanza, Jeshi Jekundu lilitoka na watu mia mbili kumi na wanne, na mashine ikachagua mkubwa wake kwa kuangalia cheo cha kazi. Mkubwa wa Wekundu: Banza Stany, nguvu kumi, mwendo tatu.

Nikaangua kicheko. "Stany! Weye mutu wa Kasai? Tangu lini?"

Stany naye akacheka. Akacheka muda mrefu kuliko mimi, nikaona ajabu. Jina Banza linabebwa Katanga na Kasai, na yeye hakuwa na neno moja la Kiluba cha Kasai mdomoni. Mtaa mzima ulimjua kama mtoto wa Kasaji. Baba yake alikuja kutoka Kasai, kijana mdogo, kujenga reli, akaoa, akafa Stany akiwa na miaka minne. Aliyekumbuka alikuwa nani? Faili tu.

Siku ile ile, tulipokuwa tunafunika mashine, akanishika mkono. "Mukalay, ndugu yangu. Ile kitu uitoe. Ugawanye batu namna ingine."

"Kesho," nikasema.

Nilimaanisha. Lakini kesho yake mchezo ulikuwa unaenda vizuri, na mtu wa programu ana dini yake: kinachotembea usikiguse. Jumamosi tulitaka kuwaonyesha wenzetu wa biro. Nikapiga orodha zote mbili kwenye karatasi, ile pana yenye mistari ya kijani, ili kila mchezaji awe na majina ya jeshi lake mkononi. Jina, mtaa, nyumba, nguvu, mwendo. Watu walishangilia, shefu mwenyewe alipoteza vita mara mbili. Mi nilikwenda nyumbani nikiwa mtu mkubwa. Karatasi nikaziacha juu ya meza.

Jumatatu akanijia Dodo. Huyu Dodo alikuwa anashughulikia mashine ya kuchapa, kazi yake yote ni kurarua karatasi mahali penye vitobo, na hata hiyo aliikosea. Lakini mtaani alikuwa amepanda cheo, kijana wa miaka arobaini: katibu wa kamati ya kile walichoita usafi. Usafi wa mitaro? Acha utani. Mitaro ilinuka vilevile; walichotaka kufagia ni watu wa Kasai.

Akanisalimia kwa heshima ambayo hajawahi kunipa. "Tata Mukalay, kamati inakushukuru sana. Shiye tulikuwa tunatafuta nyumba kwa nyumba, tunauliza batoto. Weye ulishamaliza yote! Hata na namba ya mulango!"

Nikamwambia, "Dodo, ile ni mchezo."

"Ndiyo, mchezo muzuri. Ile karatasi imepasuka, batu banagombania. Utupigie ingine, ila sasa uipange mutaa kwa mutaa, ili bijana basichoke kutembea. Majina mia mbili kumi na ine. Nilishayahesabu."

Karatasi hazikuwepo. Akaenda kuziomba ghalani, akaniacha peke yangu mbele ya mashine: Stany hakuwa kazini wiki ile, wengine walikuwa nje. Nilijua anayetoka kwenda ghala na kurudi anachukua dakika tano, maana tulikuwa tukizipima tukingoja karatasi za mishahara enzi zile za mishahara.

Nikalifungua faili. Nikaifikisha alama kwenye jina la Stany. Kufuta ni kitufe kimoja. Lakini jumla itakuwa mia mbili kumi na watatu, na Dodo kahesabu. Basi niandike jina la marehemu mmoja mahali pake? Wafu kampuni ilikuwa nao wengi, na hakuna mtu ambaye angewafukuza tena. Wazo hilo lilinijia, sitadanganya kwamba halikuja. Halafu nikamwona Dodo amelinganisha karatasi mbili, nikawaona vijana mlangoni kwangu wanauliza kwa nini nawaficha bilulu. Ndivyo walivyowaita watu, wadudu. Mi ni mwoga. Nimelisema. Kidole changu kikakaa pale juu ya kitufe mpaka kikapata baridi, nikakiondoa.

Na dakika zilizobaki unajua nilifanya nini? Safu ya namba za nyumba ilikuwa imepinda, tarakimu moja moja zilikaa kushoto na tarakimu mbili mbili zikasogea. Nikainyoosha. Dodo aliporudi orodha ilikuwa safi kabisa, mtaa kwa mtaa.

Vijana wa kamati walikwenda kwa Stany Jumatano mchana. Alitoka na mke wake Godelieve, wawili tu bila mtoto, na godoro, sufuria tatu na cherehani. Godelieve ni mtu wa Mutshatsha, baba na mama, wangeweza kumwacha, na wakamwambia hivyo. Akawajibu maneno ambayo mama wa kwaya hapaswi kuyajua.

Wakaenda kukaa gare, stesheni ya treni, pamoja na mamia ya watu waliokwisha kulala pale juu ya saruji, wakingoja treni ya kuwapeleka kupitia Tenke na Kamina hadi Kasai, nchi ambayo Stany hakuwahi kuiona hata kwa picha. Treni ilikuwa inakuja kesho. Kila siku ilikuwa inakuja kesho. Watoto waliharisha, maji yaliuzwa kwa kikombe, watu wa mtaa walikuja kutazama kama wanatazama mechi.

Nikaanza kwenda. Kila siku baada ya kazi, nabeba unga, nabeba mkate, siku moja nilibeba samaki mkavu. Nilikuwa rafiki mwema, kila mtu aliyeniona alisema hivyo. Nilikuwa nakaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, namtukana Dodo. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kibemba cha bibi yangu. Dodo mwizi, Dodo mbwa, Dodo aliyeuza ndugu zake. Stany alisikiliza tu. Wakati mwingine alisema, "Endelea." Nikadhani inampoza moyo, nikaendelea.

Siku ya kumi na saba treni ikaja kweli. Mabehewa ya mizigo, yale ya kubebea madini, milango wazi. Watu wakasimama wote kwa pamoja, kelele, mama wanaita watoto. Nikamsaidia Stany kupandisha cherehani. Godelieve hakunipa mkono, nikasema ni uchovu.

Stany akanivuta pembeni, kwenye ukuta wa choo, mahali penye nafasi kidogo.

"Siku balikuja kwangu," akasema, "niliwaomba banionyeshe fasi jina yangu imeandikwa. Bakanionyesha. Bakasema, tazama mwenyewe. Banza Stany, nguvu kumi, mwendo tatu."

Stany akaendelea.

"Baliniuliza ile mwendo tatu inamaanisha nini. Balifikiri ni batoto. Nikawaambia ndiyo, ni batoto, nisiitaje mchezo yetu."

"Stany, mi niliacha karatasi juu ya meza. Dodo akaiba. Naapa mbele ya Mungu, ile karatasi—"

"Ile ya juu ya meza ninaijua. Ni mi niliandika programu ya kuipiga, safu ya nyumba ilikuwa imepinda, nilikuwa natafuta saa ya kuitengeneza." Alisema taratibu, bila hasira, afadhali angenipiga. "Ile balikuja nayo kwangu ilikuwa imenyooka. Kwa hiyo faili ilikuwa mbele yako, na jina yangu ndani. Siku kumi na saba, Mukalay. Kila siku nilimwambia Godelieve, leo atasema. Weye unaleta samaki."

Nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti, kama mtoto aliyekamatwa, nikimwomba anisamehe, na watu wa behewa la karibu wakageuka, wakadhani ni uchungu wa kuagana. Mama mmoja hata akanionea huruma. Injini ikapiga honi. Godelieve akamwita kwa jina.

Stany hakuondoka. Alikuwa na swali bado, na nilimjua, hawezi kuacha kitu nusu.

"Kabla ya kuipiga ile karatasi, Dodo alikuwa amesimama pale, ao ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu."

"Dakika ngapi?"

Ningeweza kusema moja. Ningeweza kusema sikumbuki, nani angenishtaki?

"Tano," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akakimbia, behewa lilikuwa limeshaanza kusogea, Godelieve akamnyoshea mkono akamvuta juu, na wote wawili wakakaa wametazama upande wa pili.