Mawe ya Chokaa

Mlango ulisukumwa bila hodi. Mwanamume nisiyemfahamu aliingia ofisini, koti lake la mvua limejaa tope hadi kifuani, simu ameinyanyua usawa wa uso wangu.

"Nyie ndio mnaotengeneza hii ramani?"

"Ndiyo. Karibu, pole na..."

"Sikuja kukaa, dada. Tazama hapa."

Aliitwa Abdillah, tabibu wa zahanati moja juu ya Endasak. Alikuwa ametoka Lindi, hajamaliza hata mwezi hapa Hanang. Huko zahanati alimwacha mama anayeitwa Perpetua katika uchungu wa mtoto wa kwanza, na dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua ilikuwa imeisha. Alishuka hapa Katesh na pikipiki kuifuata. Alijaribu njia ya mkato kwa kuifuata ramani yetu, akatumbukia korongoni, ikabidi azunguke.

"Nikizunguka tena sitawahi. Anayejua kivuko ni dereva wetu Hhando, naye amevunjika mguu. Wewe niambie, njia iko wapi hapo?"

Nilitazama. Njia na korongo vilikuwa rangi moja ya kahawia, laini kama ukuta uliopigwa lipu. Hakuna mtu angevitenganisha.

Ramani ya simu haiji nzima. Inakatwa vipande vidogo vya mraba, kama vigae, na simu inavipanga. Picha za vipande hivi tulizipiga wenyewe kwa droni wiki iliyopita. Gerald, mkuu wa mradi wetu, aliagiza nizilainishe: programu iondoe kila nukta inayofanana na uchafu, kisha ivibane vipande viwe vyepesi. "Wageni wanapenda picha safi," alisema. Wageni hao walikuwa wanakuja kesho kuamua kama mradi utaendelea. Tangu juzi kompyuta yetu, tena ni moja tu, ilikuwa inakata ramani nzima ya Hanang na Mbulu kwa ajili yao. Ingemaliza jioni.

Nilifungua picha ya asili. Ukingoni mwa korongo kulikuwa na nukta nyeupe. Ng'ambo pia.

Ndipo nilipoelewa. Tangu maporomoko ya tope yaliyoteremka Mlima Hanang, watu wa miteremko ile huchagua mahali penye ardhi ngumu, hupaka mawe chokaa kama alama: vuka hapa. Programu yangu iliyafagia yote.

"Kivuko ni hiki. Chini kidogo ya pale ulipotumbukia."

"Ukungu umeshafunga kule, dada. Nataka nikione kwenye simu, na mimi nilipo nijione. Halafu njiani hakuna mtandao."

"Nenda kachukue dawa. Ukirudi utaikuta."

"Unaniahidi au unanifariji?"

"Nakuahidi, daktari."

Alipotoka nilijaribu kuanza kazi yake. Kompyuta ilikataa, nafasi yote ilikuwa imeshikwa na ramani ya wageni. Kuisimamisha ni kuipoteza, kwa sababu faili hufungwa mwishoni kabisa.

Gerald aliingia akikung'uta mwavuli.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Mbona umeshika kichwa?"

Nilimweleza. Alisikiliza nusu.

"Mchoree kwenye karatasi."

"Kwenye ukungu, bosi?"

"Mectilda, wewe ni mtu wa ramani, siyo gari la wagonjwa. Ukiisimamisha, kesho utawaonyesha wageni nini? Ukuta? Mkataba wako unaisha mwezi huu. Mimi sitakutetea."

Matone mazito yalianza kugonga bati. Nilimfikiria Perpetua, ambaye sijawahi kumwona. Nikabonyeza "simamisha".

Gerald alishusha pumzi, akaenda kusimama dirishani.

Nilichukua eneo dogo tu, kutoka barabara kuu hadi zahanati. Sikulainisha. Niliacha vivuli, vichaka, mavi ya ng'ombe, kila nukta. Ubora nikaupandisha juu kabisa. Faili likawa zito, simu ya Abdillah isingelibeba. Nikapunguza mashamba pembeni, nikabakiza utepe wa njia, nikaanza upya.

Alirudi dawa ikiwa kifuani, ndani ya koti.

"Ipo?"

"Bado kidogo."

"Perpetua hana kidogo."

Nilichomeka waya. Tulisimama tukitazama faili likiingia kwenye simu. Lilipokamilika alikuza picha kwa kidole chenye tope. Mawe yakatokea, meupe, yamejipanga pande zote mbili.

"Mbona mwanzo hayakuwepo?"

"Niliyafuta nikidhani ni uchafu."

Alinitazama, kisha akavaa kofia ya pikipiki. "Ng'ambo kuna mwinuko wenye mtandao. Nikivuka nitakubipu."

Pikipiki ilinguruma, ikapotelea mvuani. Kwenye kompyuta, folda ya wageni ilikuwa tupu.

"Kesho utawaeleza mwenyewe," alisema Gerald.

"Nitawaeleza."

Niliianza upya ramani nzima, bila kulainisha, nikijua haitakamilika kesho. Mvua ilizidi. Gerald hakuondoka, wala hakuketi. Simu yangu niliiweka mezani katikati yetu.

Ikalia mara moja, ikakatika.