Jirani wa Sabini na Moja

Mwalimu Mogire alipenda safu zilizonyooka kuliko hata sauti zilizopatana, kwa hiyo kwaya yake ya Nyakoe ilipofikisha waimbaji sabini na mmoja alikosa raha. Makambi ya Magwagwa, mkutano mkubwa wa kanisa, yalikuwa Sabato ijayo. Aligawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba. Wapi.

"Hii ni namba tasa," aliwatangazia baada ya mazoezi, kwa ile sauti yake ya darasani. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Safu hazitalingana, kwa hivyo mmoja apumzike."

Akamtaja Benter, fundi wa nguo aliyetoka ziwani akafungua kibanda sokoni. Eti kwa sababu alijiunga mwisho. Uongo mtupu. Benter aliimba Ekegusii, lugha ya pale, kwa lafudhi ya Kijaluo, na Mogire aliogopa watu wa Magwagwa wangecheka.

"Sawa, mwalimu," Benter alisema, akaendelea kuwapima wenzake mabega, maana majoho yote alishona yeye.

Jumatano, Mogire alifundisha namba tasa kidato cha pili. "Ikishapita tatu," alisema, "namba tasa yoyote, hata iwe na tarakimu elfu, jirani yake mmoja hugawanyika kwa sita. Ama upunguze moja, ama uongeze moja." Mkono ukaandika mfano uliomkaa kichwani wiki nzima: 70, 71, 72.

Sabini ilikataa. Sabini na mbili ilikubali: safu sita za watu kumi na wawili. Mitchell, binti ya Benter, alikaa dawati la mbele. Aliutazama ubao, akamtazama mwalimu, kisha akainama kunakili.

Mogire aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kanuni hiyo aliifundisha kila mwaka. Hakuwa ameisahau. Na wa kuongezwa alikuwepo, mkewe Mokeira, aliyeomba kuingia kwaya akaambiwa nafasi zimejaa.

Jioni alienda kibandani. "Mama Mitchell, nimekukosea. Namba haikuwa na shida, shida ni mimi. Niliona aibu vile unatamka. Rudi, Mokeira pia aingie."

Benter alisimamisha cherehani. "Nimesikia, mwalimu. Lakini joho langu nilishalifumua. Si ulisema lako linakubana? Kitambaa kiliisha hata Kisii mjini, nikaongezea lako hicho."

Mogire alitaka kusema atampa lake, yeye aongoze na suti. Lakini watu wangeuliza kwa nini. Akalipokea joho lake lililopanuliwa.

Siku ya Sabato joho lilimkaa vizuri. Safu saba za watu kumi zilinyooka, wazee wakazisifu. Nyuma yake, kwenye viti vya wageni, Benter alikuwa akiimba pamoja nao, kila neno kwa lafudhi ya kwao. Mogire alisikiliza wimbo mzima akingojea watu wacheke. Hakuna aliyecheka.