Tabliye ya Falone

Ijumaa, Madame Hortense, mkuu wa maternelle, shule ya chekechea ya serikali, alikusanya tabliye zote za bluu ambazo watoto huvaa juu ya nguo zao. Alisema zinaenda kufuliwa, na Jumatatu watoto wabaki nyumbani wapumzike.

Wapumzike nini? Emerance, mama yake Falone, aliuza samaki wa Tchomia sokoni Bunia na swali hilo rohoni. Watoto zaidi ya mia, mwalimu mmoja, wanakaa kwenye saruji asubuhi nzima.

Jumatatu, Adèle wa meza ya jirani akamwambia, "Mama Falone, weye iko hapa? Inspekta iko kule shuleni kuangalia kama watupatie mwalimu wa pili."

Emerance alimwachia samaki, akamshika mkono Falone aliyekuwa akicheza kando ya meza, akaenda shuleni.

Jengo lile alilijua. Wakati wa vita wapiganaji walichoma milango yake wakipikia maharage. Amani hii ya kulalia jicho moja ilipokuja, ni wamama waliobeba matofali kichwani kuliinua tena. Leo ndani yake mlikuwa na wimbo wa Kifaransa, mzuri, wa watoto waliofundishwa.

Alisimama mlangoni. Viti vipya. Watoto wenye soksi nyeupe na viatu vya kung'aa, wamevaa tabliye za bluu. Kwenye mfuko wa mmoja aliona uzi wa kijani, kiraka alichokishona mwenyewe kwenye tabliye ya Falone.

"Shule ya mfano," inspekta alikuwa akisema. "Kwa matokeo haya, sioni haja ya mwalimu mwingine."

"Mama, toka inje," Madame Hortense alinong'ona. "Unatuletea haya mbele ya mgeni."

"Haya iko tayari mu nyumba, Madame. Miye nimeifuata tu." Emerance akainama kwa yule mtoto wa kiraka. "Mama yangu, mwalimu wako ni nani?"

"Madame Régine," mtoto alijibu kwa adabu.

Mtaa mzima unajua Régine anafundisha wapi: kule juu, kwenye shule ya kulipia, ambako hata harufu ya samaki haipandi.

Madame Hortense akacheka kidogo. "Nilitaka tu shule yetu isifiwe, Monsieur. Ukiona aibu yetu, utatupa nini?"

"Angetupa mwalimu," Emerance alisema.

Inspekta alikuwa anamtazama Falone. Mtoto alikuwa amepita viti vyote vya kuazima, hata kile kilichokuwa kitupu, akafika kwenye kona chini ya dirisha, akakunja miguu, akaketi kwenye saruji.

"Mtoto, mbona unakaa chini? Kiti kile pale," inspekta alisema.

"Hapa ndiyo nafasi yangu," Falone alisema. Akasogea kidogo ukutani. "Na hapa ya Joëlle. Na hapa ya Josaphat. Siye tunabanana."

Inspekta akafungua daftari lake.

"Sasa andika, Monsieur," Emerance alisema. "Anza na saruji."