Namba 31 wa Jedwali la Pili

Mimi simwamini mtu anayeniita "dada mpendwa" kabla hajakaa. Mzee Melkiadi, katibu wa kikundi cha wakulima huko upande wa Kitanga, aliniita hivyo wiki iliyopita alipoleta orodha mbili za kuchapa: watu thelathini wa Kitongoji cha Juu na thelathini wa Kitongoji cha Chini. Nikatengeneza majedwali mawili, nikaprinti, akaondoka.

Jana asubuhi mama mmoja akaingia dukani kwangu, hapa Kasulu mjini, karatasi kaikunja mkononi. Salamu hakuna.

"Wewe ndiye Asmahani?"

"Ndiye. Shikamoo, mama."

"Mimi Ndayikeza, wa Kitongoji cha Chini. Kwenye daftari la kikundi, siku ya kujiandikisha, niliandika moja kwa mkono wangu, maana niliwahi kuliko wote. Nani kanifanya wa thelathini na moja?"

Akanieleza. Bwana shamba alileta miche ya parachichi, michache. Akatangaza kwamba namba moja mpaka kumi na tano wa kila jedwali wachukue. Wa Juu wakachukua. Jedwali la Chini lilianza na thelathini na moja, kwa hiyo wakarudi mikono mitupu. Miche yao imefungiwa ofisini. Isipofika orodha iliyorekebishwa kabla ya saa tisa, inapelekwa kijiji kingine.

"Sisi wa Chini wengi wazazi wetu walitoka Burundi," akasema. "Uraia tumepata. Sasa mnatusogeza nyuma kwa namba. Melkiadi kakupa nini?"

"Hajanipa kitu!"

Nilikasirika, lakini na mimi nikaanza kumshuku Melkiadi. Nikafungua faili nikiutafuta ujanja wake. Nikakuta uvivu wangu. Nilikuwa nimenakili jedwali la kwanza na kubadilisha majina tu, kompyuta ikaendelea kuhesabu ilipoishia, na mimi sikukagua.

"Mama, kosa ni langu. Njoo uone."

Nikamvutia kiti. Nikabonyeza mausi, nikachagua namba zianze upya. Kufumba na kufumbua, thelathini na moja ikawa moja, na zilizofuata zote zikajipanga.

Nilitegemea atacheka.

"Yebaba wee! Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mama."

"Kidole kimoja?"

"Kimoja."

Akasogeza kiti mbali na mimi. "Basi kwa kidole hicho hicho mnatupangua siku zote."

Nikaapa, nikaapa tena. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyonikazia macho.

"Futa namba zote. Nipe majina matupu."

Nikafuta, nikaprinti. Akaomba kalamu, akanigeuzia mgongo, akaandika moja mpaka thelathini polepole, kiganja kimefunika karatasi nisione.

Miche waliipata. Leo Mzee Melkiadi kaleta orodha nyingine, ya mbolea. Kikundi kizima, Juu na Chini, kimekubaliana: safu ya namba niiache wazi, kila mtu ataijaza mwenyewe. Imeniuma, sikatai.