Mdogo Wangu Mbele ya Baraza

Mimi ni mtu wa mdomo, sikatai. Ndiyo maana akina mama wenzangu waliponichagua niende Concord, makao makuu ya jimbo letu, kuwasemea, niliondoka kifua mbele. Gavana alikuwa amempendekeza Wakili Haskell awe jaji, na huyo Haskell ameshatamka wazi kwamba mwanamke aliyetoa mimba ashtakiwe. Jaji gani huyo? Kwetu New Hampshire jaji hapiti mpaka baraza la watu watano limkubali, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kusimama mbele yao akasema lake. Wawili walikuwa upande wa Haskell, wawili upande wetu. Aliyebaki ni Mzee Pelletier, mjumbe wa huku kwetu kaskazini.

Nikasimama. Nikaeleza habari za binti mmoja wa kanisani aliyepata mimba, mwanamume akaingia mitini, binti akaenda kliniki kuitoa, peke yake. Jina sikulitaja. Yvette, mdogo wangu, alinisimulia haya jikoni kwangu, akanishika mkono: "Dada, Armand akijua, nimekwisha." Armand ni mumewe, waliyeoana baadaye. Nami nikamwapia kwamba hatajua.

Mzee Pelletier akavua miwani. "Lorraine, hadithi za namna hii tunaletewa kila leo. Huyo binti yupo, au umemtunga?"

Ati nimemtunga! Damu ikanipanda. "Yupo, mzee! Mdogo wangu wa tumbo moja!"

Nina mdogo mmoja tu. Na Mzee Pelletier hunywa kahawa kila asubuhi kwenye mgahawa wa Yvette. Alivyoinamisha kichwa tu, nikajua nimelikoroga. Ningeweza kusema nimeteleza, mniwie radhi. Sikusema. Nilimwona analainika, na kura yake niliitaka. Mungu anisamehe, niliitaka kweli.

Alipoinua uso akasema Haskell asiitegemee kura yake. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, wenzangu wakanikumbatia. Mimi njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Yvette.

Mgahawani kwa Yvette televisheni ilikuwa bado inawaka. Kikao kilikuwa kimerushwa moja kwa moja, na wateja walikuwa wameinamia sahani zao. Yvette alikuwa anapakua supu ya njegere, macho mekundu.

"Armand yuko wapi?" nikauliza.

"Kwa mama yake. Kachukua na nguo zake."

"Yvette, mdogo wangu, nisamehe. Yule mzee alinichokoza, nami..."

"Haskell alitaka kuniamulia mambo yangu. Na wewe umeniamulia. Sasa mna tofauti gani, dada?"

Nilitamani anitukane, anirushie hata huo upawa. Mlango ukafunguka, wenzangu wakaingia na keki, wanapiga vigelegele. Gladys, mwenyekiti wetu, akamrukia Yvette shingoni.

"Shujaa wetu huyu hapa! Umemwangusha Haskell, mama!"

Watu wote wakageuka. Yvette alisimama na bakuli mkononi, supu ya moto inamwagikia kidole gumba, wala hakushtuka. Hakumtazama Gladys. Alinitazama mimi.

"Mkatieni dada yangu keki," akasema. "Ushindi ni wake."