Terere na Mshipa wa Pili

...upo, haupo, upo, hebu aguse polepole, nesi Muema alisema vidole viwili tu, kama unamgusa paka aliyelala, na kila asubuhi kwa miaka miwili mshipa huu waliomuungia wa kusafishia damu umemngurumia Nzisa chini ya kiwiko kama posho mill ya mtaa wa pili, leo unanong'ona, na jikoni mama mkwe anaita, "Nzisa! Terere imeiva, njoo ule ikiwa moto!" terere leo, managu jana, wiki mbili sasa tangu Mama Warigia ashuke hapa Gatongora na gunia la mboga na neno lake moja, huyu msichana hana damu, na Nzisa, mwalimu wa bayolojia, jamani, wa bayolojia, aliyebandika kwenye friji karatasi ya kliniki inayosema mboga za kijani zikizidi zinaishinda nguvu dawa ya kuzuia damu kuganda, akala, akaomba aongezwe, maana msichana wa Ukambani akikataa sahani ya mama mkwe atasemwa mpaka Murang'a... na Jumatatu kule Thika, daktari akikunja uso, damu yako imeanza kuwa nzito, umebadilisha chakula? hapana daktari, hapana laini, hapana ya kwenda nayo kanisani, na mshipa wa kwanza uliganda hivi hivi, wakamtia mpira wa kusafishia damu shingoni, miezi minne ya kulala ubavu mmoja na homa za kutetemeka, huu ukifa wa tatu watautoa wapi, mkono si ploti ya Ruiru useme utaigawa tena... "Ama nikuletee huko, mami?" mami, hapo ndipo humnasa, mama wa watu ameinama tangu alfajiri na mgongo wake mbovu akichambua jani moja moja, utamwambiaje, lakini aibu ni ya nani, ya mama asiyeambiwa kitu au ya msomi anayetafuna huku anajua, upo, hafifu, lakini upo, basi si Alhamisi siku ya kliniki, ni leo, ampigie Muema sasa hivi, aseme yote, terere, managu, na ile hapana, wamgombeze wakitaka, kugombezwa hakugandishi damu, na ndara zinaburuzika koridoni, harufu ya kitunguu imeshaingia, vidole bado viko palepale, "Mama, weka sahani hapo kando, kaa. Lete vidole vyako viwili. Hapa. Unasikia vile mshipa unatetemeka kidogo? Sasa nikuambie kitu nilifaa kukuambia siku ile ulikuja na gunia."