Diski Isiyofufua

Watu hubishana kama SSD, hizi diski za kisasa, huongeza kasi ya laptop kweli, au ni porojo za mafundi. Ooko hakuwa na hamu ya ubishi huo tena. Laptop yake, aliyoitumia kuhariri video za harusi na mazishi pale Kondele, ilikuwa kobe: uliiwasha, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta bado inajikuna. Fundi Masinde alipoing'oa diski ya zamani na kuweka SSD, iliamka kabla Ooko hajavuta kiti. Alicheka peke yake.

Tatizo, SSD aliyoimudu ilikuwa ndogo. Ikajaa upesi, naye akaanza kufuta kazi ambazo wenyewe walishachukua. Na alifuta ovyo, maana kila alipowahi kukosea, Masinde alimrudishia video zake nzima nzima. "Mimi hufufua," Masinde alizoea kujigamba, na Ooko, mtu mzima na akili zake, alimwamini kama mhubiri.

Asubuhi moja akafuta folda ya harusi ya Oluoch. Diski ya zamani ingesuasua, ikampa mtu nafasi ya kujuta katikati. Hii haikungoja. Ndipo akakumbuka kwamba ndani ya harusi ile alikuwamo Joram.

Joram alikuwa amezama ziwani miezi ya nyuma, boti yake na wenzake ilipopinduliwa na dhoruba, na mwili haukupatikana. Wazee wakafanya inavyopasa: wakalaza tunda la yago, lile refu la mwegea, jenezani mahali pa mtu, wakalizika kwa heshima zote. Ooko ndiye aliyerekodi mazishi hayo. Alipomwona Debra, mjane, akilitazama lile tunda, huruma ilimshika.

"Mama, Joram niko naye kwa laptop, akiongea kwa harusi ya Oluoch. Nitakutolea."

"Fanya haraka," Debra alimwambia. "Simu yake ilienda na yeye. Maneno yake nakumbuka, lakini sauti imeanza kunipotea."

Hata hivyo, folda ilipokwisha kufutika, Ooko hakutishika. Aliendelea na kazi zake siku kadhaa, kisha akaipeleka laptop kwa Masinde. Fundi alichomeka, akapekua, akapekua tena. Safari hii hakujigamba.

"Si wewe hufufua?"

"Ile ya kwanza ukidelete ilikuwa inaficha tu. Kitu kinakaa hapo mpaka uandike ingine juu yake. Hii inajisafisha yenyewe, ndio ikae fast. Ukidelete, imeenda, bwana."

"Na ile diski ya zamani?"

"Si uliniachia? Nilifuta yote, nikaweka kwa mashine ya mtu."

Maji yalikuwa yamemwagika, na aliyeyamwaga alikuwa Ooko mwenyewe.

Debra alikuja Jumapili, kanisa lilipotoka. Alikaa mbele ya laptop, akakitengeneza kitambaa chake cha kichwa kana kwamba kuna mtu atakayemwona. Ooko alikuwa ameandaa uongo, kitu kuhusu stima kukatika na virusi. Alipoiona ile mikono ikitengeneza kitambaa, akasema ukweli.

Debra hakulia. "Na wenye harusi? Hawana yao?"

"Yao niliweka muziki juu ya hotuba. Utamwona, lakini hutamsikia."

Debra akazitazama headphones zilizokuwa mezani. "Wewe ulimsikia na hizo headphones zako. Alisema nini?"

Hilo Ooko alilikumbuka. "Alimwambia bwana harusi, 'Oluoch, bibi akikuita, itika mara ya kwanza. Mimi huitika ya tatu, ndio maana nakula chakula baridi.'"

Debra akafumba macho. "Sema tena."

Ooko akarudia, polepole. Bila kukusudia aliishusha sauti ikawa nzito, jinsi alivyokumbuka ya Joram. Alitaka mno kumpa yule mama kitu, chochote kile. Midomo ya Debra ilikuwa ikifuata maneno, kisha ikaacha. Akafumbua macho, akamwekea Ooko mkono begani bila hasira yoyote.

"Basi, usirudie," akasema. "Nikiendelea kukusikia wewe, hata ile yake kidogo imebaki itaenda."